Mafundo ya Umulkheir

Kila siku baada ya sala ya adhuhuri, mji wa Siyu ukiwa umelala kwa joto, Umulkheir alichukua ubao wake akaenda kwa Bi Khairiya. Hakuipenda njia hiyo hata kidogo. Ilimbidi apite katikati ya magofu, nyumba za mawe ambazo wenyewe walikwisha kufa au kuhama. Watu wa Siyu walisema kwamba saa ile ya jua la utosi, wanaotembea mle si wanadamu peke yao. Umulkheir alikuwa na miaka kumi na mmoja na mdomo usiopumzika, lakini magofuni aliufunga kabisa.

Hii ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya Wajerumani. Mwalimu Kamaludin, mwenye chuo kikubwa cha Kurani mjini, aliona kwamba watoto watatu wameachwa nyuma katika kusoma, akawapeleka kwa dada yake, Bi Khairiya, awashike mkono. Kila mmoja alikuwa na kamba yake ya makumbi, imetundikwa katika kidaka cha ukutani. Jumatano, siku ya mwisho ya chuo, Bi Khairiya aliandika maneno mageni ubaoni, akayaonyesha kwa kidole bila kuyatamka. Kila neno lililosomwa sawasawa lilifungiwa fundo moja. Mwenye mafundo thelathini alirudi kwa wenzake.

Kati ya hao watatu, Mselem alikuwa na mafundo ishirini na sita, Ummu ishirini na matatu. Umulkheir alikuwa na manne, nayo aliyapata kwa kubahatisha. Ukweli ni kwamba hakuwa akisoma. Aliwasikiliza wenzake, akashika sura nzima kwa sikio, kisha akaitoa macho yakiwa ubaoni, na kila mtu akadhani anasoma. Akionyeshwa neno ambalo hajalisikia, alikwama.

Baba yake, Bwana Jeilani, alikwisha kusema, "Mwezi wa Ramadhani ukiandama nawe hujarudi chuo kikubwa, utakaa nyumbani usuke ukili wa mikeka na nyanya yako." Bwana Jeilani hakuwa mtu wa mzaha. Umulkheir alikipenda chuo kuliko halua, na zilibaki wiki tatu tu.

Basi Jumamosi moja aliwahi kufika. Nyumba ilikuwa kimya, Bi Khairiya yuko ghorofani. Umulkheir alinyata hadi kidakani, akajifungia mafundo mawili na kuyakaza kwa meno. Hakuna aliyemwona isipokuwa Mola wake, na saa ile hakutaka kulifikiria hilo.

Kesho yake mafundo yalikuwa manne. Aliyahesabu mara tatu. Kamba ilikuwa imelowa, inadondosha maji, na mvua haikuwa imenyesha Siyu mwezi mzima. Chini yake palikuwa na ubao mgeni wenye neno moja tu, wino haujakauka. Alitoka mbio, akasubiri nje. Aliporudi ndani pamoja na wenzake, ubao haupo.

"Ummu," alinong'ona, "nani amegusa kamba yangu?"

Ummu aligeuza shingo kuyatazama magofu. "Usiniulize mimi! Mama asema mle mna wenyewe. Ukiwachokoza, wakujibu."

Umulkheir aliogopa majini, lakini alimwogopa baba yake zaidi. Jumatatu alifunga mafundo matatu. Jumanne yote matatu yalikuwa yamefunguliwa, kamba imelowa tena, na ubao umerudi na neno lile lile. Nyuma ya ukuta alisikia nyayo zikiburuzwa taratibu, kisha zikasimama. Alitaka kukimbia, akajizuia. Wenzake hawajafika. Hapakuwa na mtu wa kumsikiliza wala wa kumwiga. Kama ni onyo, alitaka kulijua.

Alilitazama neno lile, kwa mara ya kwanza akilitazama kweli. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza kama alivyofundishwa. "Na," alisema. Kidole kikasogea. "Naku... nakungo..." Kidole kikafika mwisho. "Nakungoja."

"Naam," sauti ikajibu nyuma yake.

Alipiga ukelele. Bi Khairiya alikuwa amesimama mlangoni, bakuli la maji mkononi.

"Bi, nani aningojea?"

"Mimi, tangu Jumamosi. Fundo la makumbi likikazwa kwa meno halifunguki likiwa kavu, ndipo nalitia maji. Na mafundo niliyofunga mimi nayayua, mwanangu. Nilikuwa nangoja unambie mwenyewe."

Machozi yalimtoka Umulkheir. "Siyui kusoma, Bi. Nilikuwa nasikia tu."

"Mbona yeo hii umesoma? Umesoma kwa mato yako, si kwa mashikio." Bi Khairiya akafunga fundo la tano, akavuta mkeka. Siku ile ile wakaanza upya tangu alifu, herufi ya kwanza.

Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, Umulkheir alikuwa na mafundo kumi na moja. Bwana Jeilani alikuja mwenyewe, akaitazama kamba, uso umekunjamana.

"Haya si thelathini, Bi Khairiya."

"Si thelathini, Bwana Jeilani. Mwandikie utakalo, asome."

Bwana Jeilani alichukua kalamu ya mwanzi akaandika mstari. Umulkheir alisoma neno la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne alikwama. Zamani angelijazia lolote lililomjia mdomoni.

"Hili siliyui, Baba."

Bwana Jeilani akamgeukia Bi Khairiya. "Umesikia? Hajui!"

"Nimesikia," alisema Bi Khairiya. "Mtoto ajifanyaye ajua, hata mwalimu hodari hana pa kumshika. Miaka miwili tulimfundisha yale aliyotuonyesha, nayo hayakuwa yake. Asemaye kweli kwamba hajui ndiye wa kufundishika. Saba haya aliyoongeza ni yake mwenyewe."

Bwana Jeilani alimsogezea binti yake ubao. Kisha akavua viatu, akaketi mkekani ubavuni pake, akaweka kidole chini ya neno la nne.

"Haya," alisema, "tuanzie hapa."