Lebo ya Barakoa

Kengele ya mwisho ilipolia, wenzake walikimbilia uwanjani. Fundi alikimbilia maktaba, kama kawaida yake. Alifungua madirisha, akafuta vumbi kwa kipande cha kitambaa alichopewa na mama yake mshonaji, kisha akawasha kompyuta moja baada ya nyingine huku akizisemesha, "Amkeni, wavivu nyie!" Jina lake halisi walilijua walimu tu. Wanafunzi walimwita Fundi kwa sababu ya mkono wake wa kuchora, na jina hilo alilipenda kuliko peremende.

Klabu ya michoro ilikuwa na ghala lake kwenye mtandao. Humo watoto wa shule mbalimbali waliweka michoro ya Barakoa, shujaa wa hadithi ya katuni waliyoipenda wote. Barakoa alifunika uso na kuvaa koti refu la kufika vifundoni, na mtunzi hakuwahi kusema kama ni msichana au mvulana. Kwa hiyo kila mchoro ulipewa lebo, yaani neno dogo la kumwongoza mtafutaji: "wa kike", "wa kiume" au "haijatajwa". Mchoraji alichagua lebo mwenyewe. Fundi ndiye aliyekuwa msimamizi wa lebo, na kazi yake ilikuwa kusahihisha makosa tu.

Mambo yalikuwa shwari mpaka alipohamia msichana mmoja mrefu, mwembamba, mpole. Hazikupita siku nyingi akabandikwa jina la Mwanzi. Mchoro wake wa kwanza ulimwonyesha Barakoa ameketi kwenye ngazi akishona kiatu kilichopasuka. Hakuna upanga, hakuna moto, kiatu tu. Lakini vidole vile vilivyoshika sindano vilikuwa hai kabisa, hata watoto wakasukumana mbele ya kompyuta ili wavione.

"Jamani, tumepata fundi mpya!" alipaza sauti Kasuku, mvulana ambaye kunyamaza kwake kulikuwa ni kulala tu.

Maneno hayo yalimkata Fundi maini. Alicheka pamoja na wenzake, lakini kilikuwa kicheko cha meno. Moyoni alijisemea, "Juzi tu kaja, leo keshakuwa fundi!"

Jioni hiyo mkutubi, mama mwenye miwani mizito na sauti ya chini, alileta habari. Ukuta wa chumba kipya cha kusomea ungepambwa kwa mchoro mmoja kutoka ghalani.

"Nitachagua kwenye michoro ya 'haijatajwa'," alisema. "Nataka kila mtoto atakayeingia mle, wa kike kwa wa kiume, ajione ukutani."

Tangu chumba hicho kianze kujengwa, Fundi alikuwa akiungoja ukuta huo. Mama yake alikwisha kuwatangazia wateja wote kwamba utachorwa na binti yake. Sasa kila alipofumba macho aliviona vile vidole na sindano, na roho ikamuuma.

Wenzake walipoondoka, aliufungua mchoro wa Mwanzi. Akautazama sana, akitafuta kasoro, asiione. Mwishowe akayaona mabega mapana na nywele fupi. Akafuta "haijatajwa", akaandika "wa kiume". Ilikuwa kazi ya sekunde chache tu, na mchoro ukatoka kwenye kinyang'anyiro.

Kesho yake Mwanzi alimfuata.

"Dada Fundi, samahani. Naona mchoro wangu una lebo nyingine. Nilikosea?"

"Ulikosea, nimekusahihishia. Mabega yale, nywele zile, huyo ni mvulana."

"Lakini hata mimi mwenyewe sijui kama ni mvulana."

"Basi kama hujui, waachie wanaojua!"

Mkutubi alikuwa akipanga vitabu nyuma ya rafu. Alichungulia juu ya miwani yake. "Hilo si jambo la watu wawili," alisema. "Lazima tulijadili klabu nzima. Lebo ifuate nini, macho ya watazamaji au neno la mchoraji?"

Siku ya mjadala, Fundi alisimama kwanza, na alikuwa na ulimi. "Anayetafuta picha za wavulana lazima azipate," alisema. "Lebo ifuate kinachoonekana. Ya moyoni mwa mchoraji tutayajuaje? Moyo hauchorwi!"

Makofi yalipigwa. Msichana mmoja wa nyuma akauliza, "Mbona hata mimi nina nywele fupi na mabega mapana? Nami niitwe mvulana?"

"Tunazungumzia michoro, si wewe," Fundi alimjibu, na klabu ikaangua kicheko. Mikono iliponyooshwa, upande wa Fundi ulishinda. Alirudi kuketi, kichwa kimevimba.

Lakini Kasuku alikuwa bado na neno. Alifungua mchoro wa Fundi mwenyewe, nao wa lebo ya "haijatajwa", uliomwonyesha Barakoa amesimama juu ya paa, upepo ukipeperusha koti lake. "Tazameni sikio!" alisema. "Hereni hiyo! Huyu basi ni wa kike."

"Ile si hereni!" Fundi aliruka. "Ni kigurudumu cha uzi, cha cherehani ya mama! Barakoa wangu si wa kike wala wa kiume, ni wa kila mtu!"

"Sisi tunaona hereni. Lebo ifuate kinachoonekana, umesema mwenyewe. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkutubi hakucheka. "Kanuni mmeipitisha wenyewe," alisema. "Msimamizi, badilisha lebo."

Fundi alishika kipanya, kisha akakiachia. Mchoro ule aliuchora miguuni pa mama yake, cherehani ikiunguruma, na sasa watu walikuwa wanamwambia alichokichora. Machozi yalimlengalenga.

Mwanzi akanyoosha mkono. "Naomba nimtetee," alisema taratibu. "Mimi kile kigurudumu nilikitambua siku ya kwanza. Nikasema, huyu Barakoa katoka nyumba ya mshonaji, ndiyo maana nami nikampa sindano. Kama mchoraji hakutaja, tusimtajie."

Fundi angeona nafuu kama Mwanzi angemzomea. Utetezi ule ulimwuma kuliko kicheko cha wote. Alisimama.

"Mchoro wa Mwanzi haukuwa na kosa. Nilibadilisha lebo ili usichaguliwe. Nilimwonea gere. Hayo mengine niliyosema yalikuwa ya kufunikia tu. Nisamehe, Mwanzi."

Hata Kasuku alinyamaza, tena akiwa macho. Mwanzi aliinamisha kichwa, kisha akasema, "Nimekusamehe. Lakini iliniuma."

Klabu ilipiga kura upya. Mchoraji ndiye atakayeweka lebo, na mtazamaji mwenye maoni yake atayaandika chini ya mchoro, si kwenye lebo ya mwenzake. Fundi alirudisha "haijatajwa" kwa mkono wake mwenyewe. Mkutubi alipochagua, alichagua ngazi, kiatu na sindano, na Fundi akajua kwamba jioni ile ana kazi ya kumweleza mama yake.

Alipokuwa akizima kompyuta, mkutubi alimsogelea.

"Wivu umeisha, mwanangu?"

"Bado, Mama," Fundi alijibu huku akitazama chini. "Umepungua kidogo."

"Vizuri, hujanidanganya. Wivu humjia kila mtu, hata mimi, na kuusikia moyoni si kosa. Kosa lako ni kwamba uliuajiri. Uliuketisha kwenye kiti cha msimamizi ukauacha utoe hukumu, nao haukuchagua wa kumwumiza, ulimwumiza mwenzio, ukakuumiza na wewe. Wivu ukija tena, na utakuja, uache usimame hapo mlangoni. Wewe fanya kazi yako kwa haki."