Alichosema Mama wa Kikorea

– Binti yangu haolewi na redio. Redio inaongea kutwa, betri zikiisha unabaki na boksi.

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Nilikuwa nimesimama nyuma na kipaza sauti, na kwenye televisheni mama wa Kikorea ndiyo kwanza alikuwa anafunga mdomo niliomjazia maneno. Kikorea sijui hata neno moja. Mtaa mzima wa Kirumba hakuna aliyekijua, na ndiyo maana kazi ya kutafsiri ilikuwa yangu, Luhaga, mtunga mashairi ambaye hakufundishwa na mtu.

Ilikuwa mwaka tisini na nane, kila mwenye deki na televisheni anafungua kibanda cha video. Josephat, mwenye kibanda chetu, alikuwa ameachiwa katoni la kanda na mafundi wa Kikorea waliokuja kufunga mashine kwenye kiwanda cha minofu ya samaki. Siku ya kwanza vijana waliondoka wananung'unika kwamba hakuna hata teke moja. Wiki ya pili akina mama walijaa mpaka mlangoni.

Na mimi nilianza kwa dharau. Mwanaume gani anasimama mvuani sehemu nzima na mwavuli mkononi, haufungui? Kufika sehemu ya sita nilikuwa nimemwelewa kuliko ndugu zangu. Watu hawa wanavua viatu mlangoni, wanawainamia wazee kama dada zetu wanavyopiga magoti, na sehemu nane zinapita kijana hajagusa mkono wa mpenzi wake. Tuliwapa majina ya kwetu, yeye Mhoja, msichana Kija. Pale mvuani nilimpa Mhoja ubeti wangu mwenyewe:

Nimekuja mlangoni, mvua yote ni yako,
Sikimbii barazani, nangoja ruhusa yako,
Nilowe hadi mwilini, nipoe kwa jina lako,
Ukifungua moyoni, nitaota moto wako.

Wanawake walilia. Rozina, aliyenipigia ubeti huo chapa kwenye duka la steshenari alikokuwa anafanya kazi, alilia zaidi, kwa sababu alijua Kija ni nani.

Lakini siku hiyo ya neno la redio, Rozina alinyanyuka akatoka. Nilimkabidhi Josephat kipaza sauti nikamfuata mpaka kwenye mawe nyuma ya kibanda.

– Maneno ya redio umeyatoa wapi?

– Kwenye kanda.

– Luhaga.

– Haya, kwako.

– Nilikwambia Jumanne, nikilia. Nilikwambia mama anavyokusema ili tujue la kufanya. Wewe umekwenda kuyapigia kipaza sauti. Mama Precious, jirani yetu, alikuwa mstari wa mbele, na mama alipoyasema uani naye alikuwepo anaanika dagaa.

– Basi mama yako naye ajue inavyouma.

– Hivi unapotafsiri unaangalia kanda, au unaangalia watu wanavyokuchekea?

– Mimi ndiye mtafsiri, Rozina.

– Uliiona mikono ya yule mama? Alikuwa anakunja sweta la mtoto wake. Amelikunja, amelikunjua, amelikunja tena. Mtu anayetukana hakunji nguo hivyo.

Sikuwa nimeiona mikono. Kwa kiburi changu nikajibu:

– Kama unajua Kikorea, kashike wewe kipaza sauti.

Akaondoka bila kugeuka.

Alhamisi Mama Precious mwenyewe aliniletea bahasha, akanipa huku anatazama pembeni. Barua ilikuwa imepigwa chapa:

"Luhaga, mama ameshaambiwa. Hajanigombeza, ila chakula cha jana hakugusa. Mjomba Paulo ameleta habari ya mwalimu mmoja wa Sengerema, na wazee wake watavuka na kivuko Jumamosi ya wiki ijayo. Mama ameniuliza swali moja tu: kama nina mtu, mtu huyo ana miguu au hana, mbona hajawahi kumwona sebuleni. Jibu unalo wewe. Tafadhali usinijibu kwa shairi. R."

Nilimsomea Josephat. Alikuwa anafuta vumbi kwenye deki.

– Miezi minane, kijana. Kwa nini hujabisha hodi?

– Niulizwe baba yangu ana ng'ombe wangapi? Nimeapa sitapimwa kwa ng'ombe.

– Ungeanza kwa kuulizwa unaitwa nani. Hata hapo hujafika.

Nilikasirika, nikatunga beti tano za kumjibu, nikazichana zote.

Jumapili baada ya misa kibanda kilijaa. Josephat alikuwa ameshaweka kanda ya sehemu ya kumi na moja pale mlango ulipofunguka, akaingia Mama Rozina na kitenge chake cha kanisani, binti yake nyuma. Mama Precious alimpisha kwenye benchi la mbele, naye akakaa, mkoba magotini.

Kanda ikaanza. Kija amejifungia chumbani. Mama yake yuko jikoni peke yake, anamenya tunda. Analikata vipande vyembamba, anavipanga kwenye sahani, anaiweka mlangoni kwa mtoto. Halafu anakaa chini sakafuni, anauambia mlango maneno.

Nilikuwa na vichekesho vitatu tayari. Niliinua kipaza sauti, nikaitazama ile mikono. Ilikuwa inasogeza sahani kidogo kulia, kidogo kushoto. Nikakishusha kipaza sauti.

– Mtafsiri, umelala? akauliza mtu.

– Sijui anasema nini, nikasema.

Ukumbi ukanong'ona.

– Leo hujui?

– Sijawahi kujua. Siku zote nilikuwa natunga.

– Hilo tulikuwa tunalijua, alisema Mama Precious. Endelea tu.

– Mimi najua anachosema.

Alikuwa Mama Rozina. Nilipita katikati ya watu, nikampelekea kipaza sauti kwa mikono miwili. Akakisukuma.

– Nina sauti yangu.

Akasema bila kuondoa macho kwenye televisheni.

– Anasema, mwanangu, kula, litabadilika rangi. Anasema, sikumkataa kijana kwa umaskini. Mimi na marehemu baba yako tulianza kwenye nyumba ya nyasi, mvua ikinyesha tunahama na kitanda. Nimemkataa kwa sababu miezi minane anapita nyuma ya nyumba yangu kama mwizi wa kuku. Nikikohoa anakimbia. Anaandika karatasi, ananisema mbele za watu, lakini mimi hajawahi kuniamkia. Nitampaje mtoto mtu ambaye hajaniamkia?

Kwenye televisheni mama wa Kikorea aliinamisha kichwa.

– Na hapa? akauliza mtu kwa sauti ndogo.

– Hapa hasemi kitu. Anasubiri mlango.

Nilisogea mpaka mbele, nikaiziba televisheni, watu wakaguna. Nikainama kama wale Wakorea wanavyoinama.

– Shikamoo, mama.

Hakuitikia.

– Naitwa Luhaga, mtoto wa Yeremia Maige wa Kisesa. Yale maneno ya redio uliyasema nyumbani kwako, kwa mtoto wako. Niliyaiba nikayafanya kichekesho. Nimekukosea mbele ya watu hawa, na mbele yao naomba radhi. Nampenda Rozina. Ng'ombe tunao wanne.

Sijui kwa nini nilitaja ng'ombe. Hakuna aliyeniuliza.

– Wanne, akarudia.

– Ndiyo, mama.

– Wanakamwa?

– Mmoja.

Benchi la nyuma lilicheka, na mimi nikajiona nacheka nao. Mama Rozina aliuma mdomo wa chini.

– Marahaba, akasema.

Nilinyanyuka.

– Wazee wa yule mwalimu wanavuka maji Jumamosi, akaendelea. Wa kwako kutoka Kisesa hawana maji ya kuvuka. Waje Alhamisi. Nitawasikiliza wote, halafu atakayesema ni Rozina, siyo mimi wala Paulo.

– Mama, mimi naweza kusema hata sasa, alisema Rozina nyuma yake.

– Utasema Alhamisi, ukiwa umepika. Na wewe toka mbele, tunataka kuona kama huyu mtoto amekula tunda.

Alikula, kipande kimoja.

Alhamisi baba yangu alikuja na baba mdogo, wakaingia kwa mlango wa mbele, na mimi nyuma yao. Rozina aliulizwa, akajibu kwa neno moja. Mjomba Paulo alipiga simu Sengerema kutoka posta kuwaambia wale wazee wasijisumbue.

Kanda tulizimalizia kibandani baada ya harusi. Kwa mila zetu mkwe hamkaribii mama mkwe, kwa hiyo yeye anakaa benchi la mbele, mimi nasimama nyuma kabisa, Rozina katikati. Natafsiri, na nikizidisha chumvi namwona mama mkwe anatikisa kichwa.

– Hapo umetudanganya, mwanangu, anasema bila kugeuka. Mwangalie vizuri, halafu sema tena.