Ukimya wa Tangi la Tisa

"Komba, jua likoje?"

Sauti ya Shangazi kwenye simu ya upepo. Hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mkuu wa idara ya siri, na swali hilo lilikuwa onyo. Adui anapiga leo.

"Limejificha," Komba akajibu.

Kwa miezi kadhaa alikuwa amevaa ovaroli ya fundi katika bohari ya gesi, akimsaka mtu aliyenunuliwa na majasusi wa nje ili alipue matangi. Nyuma ya ukuta kulikuwa na mtaa mzima, watoto na kamba za nguo. Miezi yote hiyo hakutumia jina lake wala kupokea simu ya mama yake. Upweke ulimtafuna kama mchwa.

Mtu pekee aliyemchekesha ni fundi wa pampu, waliyegawana naye mkate kila siku.

"Dada yangu bado hajaolewa, shemeji," fundi alipenda kumtania. "Ila ovaroli hiyo uifue kwanza!"

Basi wakaitana shemeji.

Komba akaingia chumba cha mitambo. Kila tangi lilikuwa na sensa, kifaa cha kupima gesi kinachotuma vipimo kwa mawimbi ya redio. Jua likichoma, bati la matangi huwa kikaango, redio za sensa hulegea, na tangi la tisa, lililo mbali kuliko yote, hupotea kabisa kwenye skrini. Walishazoea.

Adhuhuri ikafika.

Tangi la tisa likapotea.

"Limeenda kulala hilo," mlinzi akasema huku akipiga miayo.

Komba akatazama dirishani. Mawingu yalikuwa yametanda tangu alfajiri. Mlinzi mwenyewe alikuwa amevaa sweta.

Joto gani lililoinyamazisha sensa?

Akatoka mbio.

"Shangazi, kuna mtu anaziba mawimbi. Tangi la tisa!"

"Kikosi kiko njiani. Kisubiri."

"Hatuna muda."

Akachomoa bastola yake ya Glock, akazunguka tangi. Mtu alikuwa amechuchumaa kwenye koki, akifunga bomu. Kando yake, hotipoti ilikuwa wazi. Haikuwa na chakula. Ilikuwa na kifaa cheusi chenye antena.

Mtu akageuka.

Shemeji.

Angekuwa mtu mwingine, yeyote yule, Komba angeshukuru.

"Weka chini, shemeji."

"Kumbe ni wewe?" Fundi akacheka kidogo. "Huwezi kupiga risasi hapa. Gesi hii itatumaliza wote."

"Najua."

Akamtwanga kwa kitako cha bastola shavuni. Fundi akaanguka. Komba akachomoa nyaya za bomu, akamtia pingu.

"Leo kuna baridi," akamwambia, akihema. "Hukuhisi?"

"Mabwana walipanga mchana. Hawakuuliza hali ya hewa."

Kikosi kikafika. Simu ikakoroma.

"Kazi nzuri, mwanangu. Gari liko getini."

Komba hakuondoka.

"Dada yako," akauliza kwa sauti ya chini. "Anajua unayoyafanya?"

Fundi akamtazama kwa huruma. Hilo ndilo lililouma.

"Sina dada."

Komba akavaa miwani yake ya jua, ingawa jua halikuwepo. Akavua ovaroli, akaitundika kwenye bomba, akaelekea getini bila haraka.

Alikuwa ameifua jana, akaipiga pasi.