Saa Mbili Iliyoandikwa 02:00

Kila Jumamosi Bernadina alifuatana na mama yake kazini, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba huko Kishapu. Mama alikuwa karani. Bernadina, aliyekuwa darasa la sita, alimsaidia kufuta meza. Kompyuta ya ofisini iliunganishwa kwa waya uliopita hewani na nyingine iliyokuwa kwenye chumba cha mizani, ng'ambo ya uwanja. Mawasiliano yakikatika, kila moja iliandika onyo na saa ya tukio.

Asubuhi hiyo umeme ulikatika kidogo, ukarudi. Kompyuta ya ofisini ilipowaka iliuliza saa, kama kawaida yake.

"Iwekee, mwanangu. Ni saa mbili kamili," Mama alisema, akatoka kuwapokea wakulima.

Bernadina akaandika 02:00.

Mchana Bwana Mihir, mwenye kiwanda, alikuta waya umekatika. Akasoma onyo la kompyuta ya ofisini: 02:20. Mara moja akaagiza Mzee Gregory, mlinzi wa usiku, aitwe kutoka nyumbani.

"Saa nane na dakika ishirini usiku," alimwambia. "Wezi wanakata waya, wewe umelala."

"Sikulala, bosi. Nilizunguka uzio mpaka kukacha."

"Mashine ikusingizie kwa lipi? Kuanzia leo huna kazi."

Mzee Gregory alivua kofia.

Bernadina alitazama kompyuta. Ilionyesha 08:05, na jua lilikuwa limeshapita utosini. Ndipo alipoelewa. Aliogopa kwamba akisema, mama yake ndiye angefukuzwa. Hata hivyo alisogea mezani.

"Shikamoo, Bwana Mihir. Saa hiyo niliiweka mimi. Mama alisema saa mbili, nikaandika mbili. Kumbe saa mbili ya asubuhi kompyuta huiandika nane."

Mama alishika kiuno. "Nami sikurudi kuangalia," alisema.

Bwana Mihir alitoka nje. Alivuka uwanja hadi kwenye mizani, wao wakamfuata. Onyo la kompyuta ya huko lilisema 08:20. Dakika zililingana, saa zilipishana kwa sita. Kisha akamuuliza dereva aliyekuwa bado uwanjani, ambaye lori lake liliingia asubuhi wakati huo.

"Magunia ya juu yalinasa kitu," dereva alikiri. "Nilidhani ni kamba ya kuanikia nguo."

"Kwa hiyo ilikuwa saa mbili na dakika ishirini asubuhi," Bwana Mihir alisema taratibu.

"Asubuhi?" Mzee Gregory aliuliza. "Hapo sibishi, bosi, nililala. Tena nilikoroma, nyumbani kwangu."

Hata dereva alicheka. Mama alishusha pumzi.

"Nisamehe, mzee. Rudi kazini," Bwana Mihir alisema. Kisha akamgeukia Bernadina. "Kompyuta huandika saa iliyoambiwa, iwe sahihi au si sahihi. Ilinipasa nilinganishe zote mbili kabla ya kumlaumu mtu, na sikufanya hivyo. Wewe ulikosea kwa kutojua, ukasema mapema. Ungenyamaza, mzee angekwenda zake na sisi tungeendelea kuamini uongo. Sasa njoo uiweke upya, na safari hii tuitazame pamoja."

Bernadina aliketi, akaandika 14:20.