Mlango wa Uani

"Kwa fundi sitoi mtoto wangu," alisema Mzee Sadala barazani, na Mwanaheri, aliyekuwa ndani akipepeta mchele, akausimamisha ungo.

Kibwana, aliyekuja kumposea mpwa wake Nassibu, alijaribu kueleza kwamba kijana alifaulu vizuri na shule ya ufundi aliichagua mwenyewe. Mzee hakuwa na masikio ya hayo. Enzi hizo za Mwingereza, Mbwera nzima ilijua kuwa msomi ni karani. Anayepewa randa na msumeno ni yule aliyeshindwa vitabu. Nani aliwaambia? Hakuna. Walijua tu.

Basi Mwanaheri akaposwa na Salumu, karani wa bomani Utete, kijana mpole asiye na baya. Na kwa kuwa ukaidi wa wazee hauna haya, Nassibu huyohuyo akaitwa kutengeneza kitanda cha harusi. Alipitia mlango wa uani kama mafundi wote. Baraza lilikuwa la wageni.

Mwanaheri alimpelekea maji ya kunywa.

"Umekubali vipi kazi hii, Nassibu?"

"Ndiyo kazi niliyosomea."

"Kitanda changu na mtu mwingine?"

Nassibu aliweka randa chini. "Niliporudi likizo, shoga zako waliniuliza ukarani unaendeleaje. Nani aliwaambia nasomea ukarani?"

Mwanaheri aliyatazama maranda miguuni pake. Ni yeye. Aliona haya kutaja useremala, na siku ile lilionekana neno dogo.

"Baba yako kunikataa nilivumilia," alisema Nassibu. "Wewe kunificha ndiko kulikonichoma."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Lakini mie sitaki mke anayenipenda uani tu."

Siku ya ndoa, mwalimu Abdala na mashahidi wawili walisimama kwenye pazia la chumba kumwuliza bibi harusi. Kwa desturi mwari haitiki, akinyamaza, amekubali. Asubuhi ile baba yake alikwisha kumwambia, wewe nyamaza tu. Wasichana wengi wa Mbwera waliolewa hivyo, wengine huku wanalia.

"Mwanaheri binti Sadala, umeridhia nikuozeshe kwa Salumu?"

Kimya. Shahidi mmoja akaanza kugeuka.

"Sijaridhia," alisema Mwanaheri. Sauti ilifika barazani. "Salumu hana kosa. Ninayemtaka ni Nassibu, fundi seremala. Niliposema kasomea ukarani, nilisema uwongo."

Mzee Sadala aliingia, akaamuru ndoa ifungwe. Mwalimu Abdala akasema yeye hamwozeshi mtu aliyetamka hapana. Salumu, kwa ustaarabu wake, akaomba radhi kwa usumbufu ambao hakuuleta yeye, akaaga.

Nyumba ilinuna mpaka mpunga ukavunwa. Mzee hakusema na bintiye. Kitanda cha harusi kilibaki chumba cha nyuma, na mgongo ulipomsumbua, mzee alijiiba mchana akaenda kujinyoosha huko. Mkewe, Mwajabu, alivumilia, mwisho akashindwa.

"Kitanda chake umekipenda, baba Mwanaheri. Mwenyewe ndiye hafai?"

Mzee aliinuka, akavaa kofia yake. Kesho yake akatuma mtu kwa Kibwana.

Nassibu alikuja na wazee wake. Wao walielekea barazani. Yeye, kwa mazoea, akazunguka nyuma. Mwanaheri alimwona kutoka dirishani, akakosa la kufanya.

"Wee Nassibu," aliita Mzee Sadala. "Huko wanapita mafundi."

Nassibu alisimama. "Na mie ni fundi, mzee."

Mwanaheri alimwogopa baba yake kuliko siku ile ya pazia.

Mzee alimtazama kijana, akajisogeza kwenye mkeka, akaacha nafasi ya mtu mmoja kando yake.

"Basi pita mbele hivyohivyo, fundi."