Hakuna Aliyemuuliza Dobi

Nyumbani walimwita Kasuku, na jina lilimkaa. Akitoka shuleni alivua sare, akala, akaosha vyombo, na muda wote huo mdomo haukupumzika. Ukimuuliza swali, alijibu kabla hujalimaliza. "Mjukuu wangu," bibi yake alikuwa akimtania, "wewe ukienda hospitali, utamwambia daktari yeye ndiye anayeumwa."

Muhula ule mwalimu wa historia aliwapa kazi kubwa. Wawahoji wazee waliokuwepo mjini wakati wa vita, kisha waandike walichoambiwa. Maandishi bora yangetundikwa kwenye ukuta wa maktaba ya mji, yasomwe na kila mtu miaka nenda miaka rudi.

Kasuku alijua pa kuanzia. Mtaani kwao aliishi dobi mmoja kikongwe, Mama Pasi, ambaye enzi za vita aliwafulia nguo askari walioutwaa mji. Mtaa mzima uliamini kwamba ndiye aliyewachongea majirani kambini, wakakamatwa. Watu walipeleka nguo zao mbali ili wasifike kwake. Hata bibi yake Kasuku, aliyetoroshwa mjini utotoni wakati wa vita na mwenye huruma kwa kila kiumbe, akimwona alivuka barabara.

Basi Kasuku akaazima simu ya baba yake ya kurekodia, akapita nyumba kwa nyumba.

"Babu, ni kweli Mama Pasi aliwasaliti watu, au siyo?"

"Eh, ndivyo walivyosema."

"Na alikuwa rafiki wa askari, si ndiyo?"

"Lisemwalo lipo, mwanangu."

Akajaza kurasa tatu, akampelekea shangazi yake, aliyekuwa mtafiti wa habari za vita chuoni. Shangazi aliiweka simu mezani, akasikiliza rekodi zote huku akimenya viazi. Kasuku alikaa mkao wa kupongezwa.

"Hongera, una sauti nzuri," shangazi akasema mwishowe. "Maana sauti ya mtu mwingine sikuisikia."

"Jamani, shangazi! Si wamekubali wote?"

"Wamekubali ulichowatafunia. Jibu umelitia ndani ya swali, wao wakaitikia tu. Hebu niambie, nani kati yao aliona kwa macho yake?"

Kasuku akazipekua kurasa zake tatu, ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Karatasi hii ikitundikwa, yule mama atakufa akiitwa msaliti, na vitukuu wetu watamwita hivyo hivyo. Labda ni kweli, labda si kweli. Mimi sijui. Wewe unajua?"

"Sijui," Kasuku akajibu, machozi yakimlengalenga.

"Basi anza upya. Uliza, 'Uliona nini?' halafu unyamaze. Na alichokwambia mmoja usimwambie mwingine, hata kama tumbo litakupasuka."

Kazi ya kuanza upya inachosha kuliko kazi yenyewe. Kasuku alirudi kwenye milango ile ile, na wengine wakamcheka. "Umesahau tulichokwambia?" Lakini aliuliza alivyofundishwa, na mmoja baada ya mwingine walikiri kwamba hawakuona chochote. Walisikia tu.

Mwishowe akafika kwa fundi viatu, mzee aliyekuwa kijana wakati wa vita. Kibanda chake kilikuwa karibu na daraja, mahali askari walipoweka kizuizi.

"Shikamoo, mzee. Siku zile, hapo darajani, uliona nini?"

"Marahaba." Mzee akaendelea kushona kisigino. Kasuku akauma ulimi. Kimya kilikuwa kirefu, na kila sekunde ilimwasha kama upupu.

"Nilimwona Mama Pasi," mzee akasema hatimaye. "Alikuwa anasukuma mkokoteni wenye kapu la nguo za askari. Askari mmoja akataka kulichoma kapu kwa kisu cha bunduki alikague. Lahaula! Yule mama alimfokea, mji mzima ukasikia: 'Thubutu! Ukizitoboa nguo za mkubwa wako, utazishona wewe kwa meno!' Askari akarudi nyuma. Nilishangaa. Nguo tu, na mtu anahatarisha roho yake?"

Kasuku alikimbia hadi nyumbani. Habari ilimjaa kifuani, na bibi yake alikuwa ameketi ukumbini akipepeta mchele, tayari kupokea umbea wa leo. Lakini akakumbuka agizo. Akakaa chini, akawasha simu.

"Bibi, siku ulipotolewa mjini wakati wa vita, unakumbuka nini?"

Bibi akaacha kupepeta. "Mbona hujawahi kuniuliza? Nilikuwa mdogo, na nilikuwa nakohoa sana. Wazazi wangu walikuwa wameshachukuliwa. Mtu alinibeba gizani, akanifunika kwa nguo zenye harufu ya sabuni, na vifungo vikanibana shavu. Alinong'ona, 'Usikohoe mpaka unisikie nagomba.' Ni mwanamke, lakini sura sikuiona. Mama mkubwa aliyenipokea ng'ambo ya mto alikataa kunitajia jina, akafariki kabla vita havijaisha. Maisha yangu yote namwombea mtu nisiyemjua."

Kasuku akaisogeza simu karibu naye.

"Halafu nikamsikia anagomba," bibi akaendelea, akicheka kidogo. "Kitu kuhusu kushona kwa meno. Nami nikakohoa weee, nikakohoa mpaka nikatosheka."

Hapo ndipo Kasuku alipomwekea bibi yake sauti ya fundi viatu. Bibi alisikiliza mara moja tu. Ungo ukamdondoka, mchele ukamwagika sakafuni, na yeye akajitanda khanga akatoka bila hata kuvaa viatu.

Mama Pasi alikuwa akikunja shuka mlangoni kwake. Alipomwona bibi anavuka barabara kumjia, alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyezoea kutukanwa.

"Ulinifunika kwa nguo," bibi akasema. "Nilikuwa nakohoa."

Dobi akaiweka shuka chini, akamkazia macho. "Wewe! Na ulikuwa mzito, wewe!"

Bibi akapiga magoti, akamshika miguu, akalia. "Nisamehe, dada yangu. Nilikuwa navuka barabara. Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Walikuja kuniambia mimi ni nani. Hakuna aliyekuja kuniuliza."

Walimwaga machozi yao pale pale mlangoni, na Kasuku naye akalia, wala hakuona haya.

Siku ya kutundika maandishi, maktaba ilijaa. Mama Pasi aliketishwa mbele, akiwa na bibi ubavuni. Kasuku alisoma polepole, na palipokuwa na jambo asilolijua, alisoma wazi kwamba halijajulikana. Kisha shangazi akasimama.

"Wanangu, waliouawa vitani tunawalilia, na ni haki yao. Lakini wapo waliobaki hai, majina yao yakauawa kwa maneno yetu. Nao wana haki. Haki hiyo huanza pale mtu anapouliza vizuri, akanyamaza, akasikiliza mpaka mwisho. Anayesema asichokiona amtafute aliyeona."

Mwalimu akauliza kama kuna mwenye neno. Bibi akainuka, akamsimamisha dobi, akamgeuza awatazame watu wote.

"Hawa ni wanangu, na wale ni wajukuu zangu," akamwambia, akiwaonyesha mmoja mmoja, hadi Kasuku. "Wote walipita darajani ndani ya kapu lako. Asante, dada."

Watu wakapanga mstari kumpa mkono, na wa kwanza alikuwa yule babu aliyesema lisemwalo lipo.