Saladi ya Tuta la Nne

Kila asubuhi, kabla bendera haijapandishwa, wanafunzi wa kilimo cha mboga katika shule moja ya sekondari ya Bel-Air, mjini Lubumbashi, walipitia kwanza bustanini. Walikuwa kumi na wawili, na kila mmoja alikuwa na tuta lake. Walichota maji bombani, wakamwagilia, wakang'oa magugu, kisha wakakimbia kunawa miguu kabla ya kengele.

Chola, msichana wa miaka kumi na mitatu mwenye tuta la nne, ndiye aliyenawa kuliko wote. Alitembea kati ya matuta akiwa ameinua sketi yake ya buluu kwa vidole viwili. Akiona konokono alirudi nyuma. Akikanyaga jani lililooza, lile lenye utelezi mweusi chini yake, alitema mate mara tatu.

"Citoyenne Chola anaogopa jani!" Sudi, mwenye tuta la tano, alipenda kumcheka. Miaka ile, kwa amri ya serikali, kila mtu aliitwa Citoyen au Citoyenne, yaani raia, badala ya Bwana au Bibi, na watoto walifanyia jambo hilo mzaha kila walipoweza.

Bustani yenyewe waliijenga kwa mikono yao mwezi wa Septemba. Nyuma ya shule kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko nyumba. Walikivunja kwa sururu, wakabeba udongo wake mwekundu kwa karai, wakapanga matuta kwenye mteremko, moja chini ya jingine, na kuyazungushia matofali yaliyovunjika. Matofali mazima waliyafanya viti, wakaegemeza ubao mweusi kwenye ukuta wa stoo. Hilo likawa darasa lao. Mwalimu wao, Citoyen Kunda, mtu mpole asiyepaza sauti, alisema kwamba karoti haisomwi daftarini. Tuta la kila mwanafunzi lingempa nusu ya alama zake za muhula.

Siku moja mwalimu alimwomba Sudi alete gunia la mavi ya mbuzi kutoka kwa babu yake, aliyefuga mbuzi. Wanafunzi waliambiwa wayaponde kwa mikono, wayaloweke ndani ya pipa, na baada ya siku chache wayachuje. Gunia lilipofunguliwa, nzi wa kijani walitoka wengi. Chola alitazama vile vidonge vyeusi, vingine bado vibichi, vimeshikana na manyoya. Mate yalimjaa mdomoni. Alishika tumbo.

"Citoyen, miye ninaumwa tumbo."

Mwalimu alimtazama kidogo. "Nenda ukapumzike. Lakini kila mmoja atatengeneza mbolea ya maji ya tuta lake. Utanakili somo kutoka daftari la mwenzako Mawazo."

Chola alikaa nyuma ya darasa mpaka kazi ikaisha. Tumbo halikumuuma hata kidogo.

Kesho yake aliazima daftari la Mawazo, rafiki yake mwenye mwandiko wa haraka. Somo lilifundishwa kwa Kifaransa, lakini Mawazo alikuwa ameandika kwa namna yake: *Purin: ni maji ya mavi. Kopo moja ya purin, makopo kumi ya maji. Mwagilia chini, si juu ya majani.*

"Mavi ya nini?" Chola aliuliza.

Mawazo alikuwa anakula karanga. "Mavi ni mavi! Unataka nikuambie na jina yake?"

"Ya mbuzi ilibaki?"

"Ilikwisha yote. Weye si ulikimbia? Sasa tafuta yako."

Chola aliwaza sana. Kuponda kinyesi cha mbuzi kwa mkono hakuweza. Lakini nyuma ya vyoo vya shule shimo la zamani lilikuwa limepasuka, na maji yake yalitiririka taratibu ndani ya mtaro. Hayo hayakuhitaji kupondwa. Ni maji tayari, na ni ya mavi, kama daftari lilivyosema.

Saa sita, wenzake walipokwenda nyumbani, alijifunga kitambaa puani akaenda mtaroni na ndoo yenye kamba. Maji yalikuwa ya kijivu, na juu yake palikuwa na utando uliokunjamana kama ngozi ya maziwa. Vipande vya karatasi vilikuwa vimekwama pembeni. Kitu cheupe, chembamba, kilijinyonganyonga ndani ya matope. Chola alitapika kando ya ukuta. Kisha akafuta mdomo, akatumbukiza ndoo na kuivuta huku amefumba macho. Mwili wake wote ulimwambia aimwage. Alijiambia kwamba hata pipa la wenzake linanuka, na kwamba alama ni alama. Alimwagilia tuta lake maji hayo kila Jumatatu na Alhamisi, majuma matatu.

Saladi ya tuta la nne iliota kama haijawahi kuona jua kali la Oktoba. Majani yalikuwa mapana, ya kijani kibichi, yamejikunja vizuri. Citoyen Kunda alipiga magoti, akalishika jani moja.

"Tazameni," alisema. "Hii ni kazi ya mtu aliyefuata somo."

Wenzake walimpigia makofi. Chola aliona fahari. Mama yake aliposikia habari, alitangaza barabara nzima. Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya usafi iliyowalazimu wote, wazazi wangekuja shuleni kula mavuno ya kwanza: mkate, sardini za mkebe, na saladi mbichi kwa mafuta na ndimu.

Jumanne ya juma lile, kwenye viti vya matofali, Sudi aliinua mkono. Uso wake ulionyesha kwamba analeta mchezo.

"Citoyen, kama mbuzi ya babu ikikataa, tunaweza kutumia mavi ya bantu? Ju kwetu tuko wengi."

Darasa zima lilicheka. Mwalimu naye alitabasamu, lakini aligeuka ubaoni akaandika neno moja kwa herufi kubwa: KAMWE.

"Ya mbuzi, ya ng'ombe, ya sungura, ndiyo. Ya mtu, kamwe," alisema. "Ndani yake kuna mayai ya minyoo ambayo macho hayayaoni. Yanashika majani, na kuosha hakuyaondoi yote. Yanakaa udongoni hata zaidi ya mwaka. Mtu akila saladi hiyo mbichi, anayameza, na minyoo inaanguliwa tumboni mwake. Mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi. Tumbo linavimba, mwili unakauka."

Chola hakucheka. Aliona tena kile kitu cheupe kilichojinyonganyonga matopeni. Alitazama tuta la nne, lile zuri, akafuta mikono yake kwenye sketi. Kengele ilipolia, mwalimu alikuwa hatua tatu tu mbele yake, anakung'uta chaki mikononi. Ilimbidi aseme maneno manne tu. Akayameza.

Jioni alichuma jani moja, akaliosha nyumbani kwa maji ya chumvi, mara nne, mara tano. Lilikuwa safi, linang'aa. Alilisogeza mdomoni. Halikufika. Alilitupa chini ya jiko na kunawa mikono mpaka sabuni ikapungua.

"Ju ya nini haukule?" mama yake alimuuliza mbele ya sahani ya bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Jumamosi utakula saladi yako. Mama Sudi anasema atakuja na watoto wote."

Jumatano ikapita. Alhamisi, Ijumaa. Kila siku Chola alijiambia atasema kesho, na kila kesho sifa zilikuwa zimeongezeka. Alianza kujinusa mikono darasani. Alijiona ananuka, ingawa Mawazo, aliyekaa naye, hakulalamika.

Jumamosi watu walifagia njia na kukata nyasi tangu asubuhi, moshi wa kiwanda cha shaba ukitambaa juu ya mabati. Saa nne wazazi waliingia bustanini. Wanafunzi walikuwa wamechuma saladi ya matuta yote kumi na mawili, wakaikata na kuichanganya ndani ya beseni moja kubwa. Mawazo aliyapanga majani machache mazima ya tuta la nne juu kabisa, kwa urembo. Mama Chola alisimama karibu na beseni kama mwenye harusi.

"Hiyo ya juu ni ya binti yangu," aliwaambia wanawake. "Tazameni upana wake!"

Watu walikuwa bado wananawa mikono. Alima, mdogo wake Sudi, mtoto wa miaka minne, alichungulia ukingo wa beseni. Akachukua jani pana la juu, akatia mdomoni na kuanza kutafuna.

Chola aliliona jani likiingia. Aliruka, akampiga mtoto mkono, akamshika mashavu na kumwingiza kidole mdomoni. Alima akapiga kelele.

"Weye mutoto!" Mama Sudi alikuja mbio. "Unapiga mutoto wa bantu ju ya jani? Hii saladi ni dhahabu?"

"Ateme! Ateme!" Chola alikuwa analia. "Mama Sudi, nisamehe. Musikule. Wote, musikule. Nilimwagilia maji ya choo."

Mwanamume mmoja aliyekuwa anafungua mkebe wa sardini aliuweka chini. Mtu mwingine akatema mate. Wale waliosimama karibu na beseni walirudi nyuma, wakiziba pua, ingawa beseni lilinukia ndimu tu.

"Citoyenne Mavi!" mvulana mmoja alisema nyuma, na wachache wakacheka.

"Nyamaza," alisema Citoyen Kunda, bila kupaza sauti. Alimwinamia Alima, akamfungua kinywa taratibu. Nusu ya jani ilitoka. Nusu ilikuwa imekwenda. Kisha akamgeukia Chola. "Maji ya wapi? Mara ngapi? Tangu lini?"

Chola alijibu kila swali. Alipofika kwenye daftari, Mawazo alilitoa mfukoni mwenyewe na kulifungua. Mwalimu akasoma ule mstari mara mbili.

"Hapa na mimi nina kosa," aliwaambia wazazi. "Nilitamka neno la Kifaransa, nikaliandika ubaoni, nikadhani limeingia. Nilimruhusu mtoto aende bila kuona, kisha sikuuliza ametengeneza nini. Nilisifu majani, sikuangalia ndoo." Akamgeukia tena Chola. "Jumanne nilieleza vizuri. Chola, Jumanne ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Citoyen."

"Ulielewa?"

"Nilielewa."

Mama Chola alijifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa. Hilo lilimchoma Chola kuliko kelele za Mama Sudi.

"Kwa hiyo tutupe ile ya juu tu," alisema baba mmoja. "Hii ingine iko muzuri."

Mwalimu alitikisa kichwa. "Imechanganywa. Kisu ni kimoja, beseni ni moja. Na maji ya tuta la nne huteremka mpaka la tano na la sita. Tutazika yote."

Wanafunzi wakaguna. Sudi, aliyemwagilia tuta lake majuma saba bila kukosa siku, aligeuza uso ukutani ili watu wasimwone.

Shimo lilichimbwa nyuma kabisa, mbali na bomba. Chola alichimba, na hakuna aliyemsaidia mpaka Mawazo alipokuja na sururu ya pili. Beseni lilipomwagwa, majani yalianguka mapya, mazuri, yanameta mafuta. Chola alitamani yangekuwa yameoza. Kutupa kitu kizuri namna ile kulimtia kinyaa kuliko mtaro wenyewe, na kinyaa hicho kilikuwa juu ya nafsi yake.

Kabla watu hawajaondoka, kazi zilipangwa. Wazazi walikubaliana kuziba shimo la choo Jumamosi inayofuata, na kumwaga chokaa mtaroni. Matuta matatu yasingepandwa mboga ya kuliwa mbichi mwaka huo wala mwaka uliofuata. Yangepandwa mahindi, na Chola angeyatunza yote matatu. Alama za tuta la nne zilifutwa. Jumatatu Alima angepelekwa kwenye zahanati kupewa dawa ya minyoo, na Chola, aliyechota uchafu ule majuma matatu, angepewa pia.

Citoyen Kunda alimkuta anashindilia udongo juu ya shimo hilo kwa mgongo wa koleo. Wanafunzi wengine walikuwa wamesogea, nao wakasikiliza.

"Siku ya kwanza mtaroni," alisema, "ulijisikiaje?"

"Nilitapika, Citoyen."

"Pua yako ilikuambia, na tumbo likakuambia. Ulikuwa na haki ya kuona kinyaa. Ungekuja kuniuliza siku ile, nisingepoteza hata jani moja. Ungekuja Jumanne, tungeng'oa matuta matatu, na watu wangekula ya matuta tisa. Umekuja leo, tumezika yote, na mdogo wa mwenzako ameshameza. Kosa lako ni lile lile, Chola. Ila kila siku uliyolinyamazia ililiongezea watu wa kuumizwa."

Aliwageukia wengine. "Na ninyi mliomcheka, sikieni. Amesema mbele ya mama yake na mbele ya mtaa mzima, alipoweza kunyamaza tusijue kamwe. Mtu akisema ukweli akachekwa, siku nyingine atatulisha akiwa kimya. Usafi wa chakula hauanzi kwenye kuosha majani. Unaanza kwa mtu kusema alichomwagilia."

Chola aliegemeza koleo ukutani, akaenda bombani, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Kisha akamwendea Mama Sudi, aliyekuwa bado amembeba Alima na kukunja uso.

"Mama," alisema, "Jumatatu mutapita saa ngapi? Nitakuja kumubeba."

Mama Sudi alimtazama kuanzia miguuni mpaka usoni.

"Saa moja," alisema. "Usichelewe."